Mpaka Mikia ya Sambaza Ilipopinda

Mama Dokta,

Jana nilikula keki yenye umbo la ambulansi. Watu wa mradi waliipaka sukari nyeupe, wakachora mstari mwekundu ubavuni, na juu ya paa wakabandika peremende ya buluu iwe taa. Profesa ndiye aliyeikata, akaanzia gurudumu la mbele. Watu wakapiga makofi. Nikapokea kipande changu kwa mikono miwili kama nilivyolelewa, nikala. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi.

Shughuli ilikuwa yako. Walisema ni siku ya kukuenzi, miezi minne tangu tukuzike. Walichagua bustani ya hoteli kule Nengo, pale pale kwenye nyasi zinazoteremka hadi ziwani. Wewe hujui kwa nini sitaki kupaona mahali pale, na barua hii nimeiandika ili ujue. Ila nitafika huko polepole, kwa sababu naona aibu.

Walichapisha fulana zenye uso wako. Walitumia ile picha ya kitambulisho uliyoichukia, uliyokunja uso kama mtu aliyetafuna pilipili akidhani ni hoho. Kwenye tumbo la Profesa uso ulivutika ukawa kama unacheka. Mpiga picha alishindwa kukuchekesha, tumbo likaweza. Nilitaka nikwambie palepale, nikageuza shingo kukutafuta. Bado nafanya hivyo, Mama. Najua umekufa, niliosha mwili wako pamoja na dada zako, lakini shingo yangu haijapata habari.

Kisha wakafunua bango. Kichwa cha habari kilikuwa kwamba huku Rubavu mgonjwa wa dharura anafikiwa haraka. Kwenye orodha ya waandishi jina lako lilikuwa la kwanza, na kando yake kimsalaba kidogo kuonyesha kuwa ni marehemu. Jina langu lilikuwa la nne. Mstari wa takwimu ulipanda kwa madaha, bila kona wala shimo. Nimekaa na takwimu zetu miaka saba, nikizibeba kwenye mfuko wa nailoni mvua ikinyesha, na sijawahi kuziona zikiwa na sura ile. Takwimu zetu zilikuwa na matope.

Unakumbuka siku uliyonichukua? Nilikuwa muuguzi mpya wa ambulansi ya mradi, nimetoka Karagwe walikonilea wazazi wangu, nazungumza kama redio. Ulinisikiliza nikimhoji motari, dereva wa pikipiki, aliyeleta mtu aliyevunjika paja. Nikamwuliza, "Ajali ilitokea saa ngapi kamili?" Yule kijana akashangaa, kwa kuwa hakuwa na saa, na hata angekuwa nayo, nani anatazama saa wakati mtu analia? Ukanivuta pembeni. "We mwana wa Karagwe," ukasema, "Kiswahili yako iko inavaa kravati. Muulize ilikuwa wakati gani ya watu." Ukamgeukia kijana, ukamwuliza kama watoto wa shule walikuwa wamekwisha kutoka. Akajibu bila kufikiri kwamba walikuwa ndio wanatoka, mmoja alimsaidia kubeba kiatu. Ukaandika. Halafu kesho yake ukanipeleka kwenye lango la shule ile, tukasimama na saa yako nyeusi ya plastiki, siku tano mfululizo, kuona watoto wanatoka lini hasa.

Ndiyo ilikuwa kazi yako yote ya utafiti, ukiondoa maneno makubwa. Ulianza kama daktari wa zamu anayepokea watu mlangoni wakiwa wameshapoa, ukachoka kuandika kwamba wamefika wamekufa. Ukataka kujua kilichowapata kabla ya mlango. Alianguka wapi, nani alimgusa kwanza, huyo aliyemgusa alijua nini, walisubiri kiasi gani. Ulikuwa ukisema, "Saa ya ofisi inaanza kuhesabu wakati ofisi inaamuka. Mutu ameisha anguka zamani." Kwa hiyo ukatengeneza saa ya watu. Ukutani mwa ofisi yetu ya Mbugangari, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, ulibandika karatasi ndefu: adhana ya adhuhuri, foleni ya wachuuzi inapofunguliwa mpakani, mwenye maziwa anapopita mlimani na baiskeli, lori la kwanza la bia linapotoka Rubona, mashua za sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zinapofika. Kila kimoja ulikipima mwenyewe. Mwenye maziwa alipopasukiwa tairi ukaandika hilo pia, na siku ile nilikucheka.

Wakubwa wa majarida waliandika kwamba mashahidi wa namna hii hawaaminiki. Ulizisoma barua zao kwa sauti, ukazikunja mara nne, ukazifanya vikalio vya sufuria ya chai. Ukasema, "Bon, tutembee." Tukatembea. Ukawafundisha wabebaji wa ingobyi, wale wanaume wa milimani wanaobeba mgonjwa mabegani kwenye kitanda cha kusuka, jinsi ya kumlaza ubavu asikabwe na matapishi. Ukawafundisha motari. Ukawafundisha wanawake wa sambaza pale Rubona, na wao ndio waliokuwa wanafunzi wako bora. Uliwaambia: mlaze ubavu, piga simu, usimpakie mtu kwenye gari kama gunia la viazi kama ambulansi iko njiani.

Kama ambulansi iko njiani.

Sasa nikueleze lile bango lilivyopatikana. Wiki tatu baada ya matanga, Profesa aliniita. Unamjua vizuri kuliko mimi, mmefanya kazi pamoja tangu aliporudi kutoka Uganda, na viatu vyake havijawahi kukanyaga njia ya ingobyi. Aliniambia kwa upole, mkono begani, "Silasi, tusafishe data. Hatuwezi kuwapelekea watu wa nje saa ya maziwa. Tutamwaibisha marehemu." Akabonyeza kitufe. Kila mstari ambao muda wake ulitoka kwa shahidi ukafutika. Akaondoka yule mama aliyebebwa kutoka mlimani, wanaume wanane wakipokezana, na kila waliyekutana naye njiani akisema "mukomere", yaani jipeni moyo, na kuingiza bega lake. Akaondoka mchuuzi aliyeanguka mpakani na beseni la nyanya kichwani. Wakabaki walioangukia karibu na lami, wenye simu yenye salio na mtu wa kuipiga. Hapo mgonjwa akaanza kufikiwa haraka, bila shaka. Ukiwafuta wote waliosubiri, nani atakuwa alisubiri?

Karatasi yako ya ukutani waliikunja wakaitia kwenye ndoo ya taka za ofisi, pamoja na maganda ya ndizi. Niliitoa. Iko nyumbani kwangu, na bado ina harufu ya ndizi.

Nimewachukia, Mama. Nimewachukia kwa wiki nyingi kwa raha kabisa, kwa sababu kuchukia wengine ni kitanda laini. Ndipo juzi nikafungua orodha iliyosafishwa nitafute kama wewe umo kati ya wagonjwa. Nilidhani umefutwa. Ningefurahi kama ungefutwa.

Umo. Mstari wako ni safi kuliko yote. Simu, kuondoka, kufika, vyote kwa saa ya mashine, dakika kumi na moja tangu simu hadi mkono wa muuguzi. Profesa aliutumia kama mfano kwenye hotuba yake jana, bila kutaja ni nani. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mstari ule niliuandika mimi.

Sasa nisikilize, usinikatize.

Asubuhi ile wewe ulikwenda Rubona peke yako kuzungumza na wanawake wa sambaza. Mimi ulinituma na ambulansi Nengo, kwa sababu Profesa alikuwa na wageni na aliomba gari lioshwe lionekane. Ulikasirika, ulisema gari si bibi harusi. Lakini ukakubali, ukisema dakika chache. Tuliliegesha kwenye nyasi za hoteli, ziwa nyuma yake. Mimi nikasimamishwa mlangoni pake nimevaa glavu mpya, kana kwamba napokea mgonjwa. Mgonjwa hakuwepo. Walimlaza dereva kwenye machela.

Simu ya mradi ikalia. Mwanamke akasema, "Kuna mama mumoja ameanguka hapa kwa samaki, mudomo yake imeenda upande." Nikasema tunakuja, mlazeni ubavu, msimguse tena, tuko njiani. Profesa akaninyooshea kidole kimoja, picha moja tu. Halafu jua likaingia nyuma ya wingu na mpiga picha akasema tungoje litoke.

Sikumwuliza yule mwanamke jina la mgonjwa. Wewe ulitufundisha hilo kabla ya mapigo ya moyo, kabla ya pumzi. "Uliza jina kwanza. Mutu hana jina, hata we utamuchelewesha." Tulidhani ni adabu. Ilikuwa tiba, na mimi niliiacha siku moja tu.

Akapiga tena. Nikasema tuko njiani. Dereva alikuwa bado kwenye machela, amefumba macho, anafanya kazi yake ya kuumwa. Akapiga mara ya tatu, na safari hii hakunisalimia wala kunieleza, alilia tu. Ndipo nikapiga kelele, dereva akaruka kutoka kwenye machela, tukaondoka. Katika fomu yako, kwenye sehemu ya simu, niliandika ile ya tatu. Mbili za kwanza nilizifuta kwenye simu ya mradi nikiwa chooni, jioni ile, wakati wewe bado unapumua wodini.

Tulipofika niliona saa ya plastiki kwanza. Ulikuwa umelala ubavu sawasawa, goti limekunjwa, kitenge chini ya shavu, kama kwenye mchoro uliochora mwenyewe. Wanawake wamekuzunguka kuzuia jua. Hukuweza kusema. Ulinitazama usoni, kisha ukatazama glavu zangu. Zilikuwa nyeupe, hazina hata doa. Sijui ulifikiri nini. Ulikufa siku ya pili na mimi sijui.

Na sijui kama ungepona, Mama. Sitajifanya najua, wala siandiki barua hii ili nijipige kifua hadharani. Mshipa ulipasuka kichwani, na huenda hata ungeangukia mlangoni mwa wodi ingekuwa vilevile. Lakini swali lako halikuwa kama angepona. Swali lako lilikuwa alisubiri kiasi gani, na kwa nini, na mimi ndiye mtu pekee niliyelijibu kwa uongo. Profesa alifuta wasiokuwa na saa. Mimi nilikuwa na saa. Nisipoona kinyaa kwangu kwanza, nitamwonea yeye kwa haki gani? Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakusema kuhusu mficha kifo, lakini mimi naona hesabu ni ile ile.

Ijumaa natakiwa kusaini karatasi kwamba muda wote umehakikiwa. Nikisaini, makala inakwenda, na mimi nakuwa mkuu wa takwimu, na kiti chako kile chenye mguu mmoja mfupi kinakuwa changu. Mke wangu amekwisha mwambia mama yake. Nisiposaini, na nikaeleza sababu, itabidi nieleze na choo na simu, na hakuna mradi utakaonipa tena ambulansi. Nilikaa na hilo usiku na mchana. Leo asubuhi nilipanda basi la Rubona.

Mama Furaha alikuwa mezani pake. Ndiye aliyepiga zile simu tatu. Aliniona akaendelea kupima sambaza, hakunipa hata kiti, akasema mbele ya wenzake wote, "Nilikuambia minibisi iko hapa, moteri inawaka. We ukasema muko njiani. Dereva ya minibisi akasema tumubebe, mi nikamukatalia. Mi nikamukatalia, unasikia? Juu Mama Dokta alitufundisha." Nilisimama nikasikia. Miezi minne yule mwanamke amekuwa akijiuliza usiku kama ni yeye aliyekuua kwa utii. Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Nilikuwa nimejishughulisha na aibu yangu, nikaila peke yangu kama ile keki.

Nikamwambia ukweli, wote, wa nyasi, wa wingu na wa dereva. Mwanamke mmoja akatema mate pembeni, karibu na kiatu changu, na sikusogeza kiatu. Kisha nikauliza lile swali lako. Ilikuwa wakati gani ya watu?

Mama Furaha akafikiri. Akasema ulianguka mashua ya mwisho ilipokuwa inashusha, yeye ndiyo kwanza amemimina sambaza kwenye beseni lake. Zilikuwa mbichi, zimenyooka, bado zina maji. Akaziacha juani akakimbilia kwako. "Wakati mulifika nikaangalia beseni," akasema, "mikia ilikuwa imeisha pinda. Sikuuza hata moja siku ile."

Unajua nilichofanya. Ungekuwa umekwisha vua saa kabla hajamaliza sentensi. Dada yako alinipa saa yako baada ya mazishi, mkanda wake mfupi kwangu, naifunga kwa tundu la mwisho. Mashua ya mwisho ilikuwa inashusha. Jua lilikuwa lile lile la asubuhi, wingu hapa na pale. Nikamwomba Mama Furaha amimine beseni kama siku ile, mahali pale pale, nikachuchumaa kando yake. Yeye akachuchumaa upande wa pili. Wateja wakaja wakaambiwa hizi haziuzwi. Samaki wadogo kama kidole, wameng'aa wote, na sisi watu wazima wawili tunawatumbulia macho kama tunangoja waseme neno. Malori ya bia yakatoka. Mgongo ukaniuma. Nikafikiri mara nyingi kwamba sasa wamepinda, na kila mara Mama Furaha akasema bado. Nilitaka wapinde mapema, Mama. Nilikuwa nawaomba samaki wapinde mapema.

Walipopinda aliniambia, "Ni hivi. Ilikuwa hivi." Nikatazama saa. Dakika arobaini na nne. Nitarudi kesho na kesho kutwa, na siku tano kama lango la shule, kwa sababu jua halilingani, na najua ungenifukuza kwa kipimo kimoja.

Mstari wako nimeuandika upya hata hivyo, kwa kalamu, hapo hapo juu ya meza ya samaki, na karatasi imelowa pembeni. Nitaupeleka Ijumaa badala ya sahihi yangu, na nakala kwa kila aliyeandikwa jina kwenye lile bango. Profesa atasema ni data chafu. Ni kweli, inanuka.

Hakuna tena la kukuficha. Lala, Mama Dokta, na pole kwa fulana. Siwezi kukuahidi kwamba kazi yako itaendelea, hilo haliko mkononi mwangu, na baada ya Ijumaa sijui nitakuwa nani. Nakuahidi kitu kidogo tu ambacho hakuna wa kuninyang'anya: kila mtu aliyeanguka mbele yangu, au mwisho wa simu yangu, nitamwuliza jina lake kwanza. Na Mama Furaha nitamwambia kila nitakapomwona kwamba alifanya sawa, mpaka aniambie nimemchosha.

Nakunakilia mstari wenyewe, uukague kama kawaida yako:

Jina: Mama Dokta Anastazia. Alianguka: mashua ya mwisho ikishusha. Shahidi: Mama Furaha, muuza sambaza. Aliyemgusa kwanza: huyo huyo, na alijua la kufanya. Alisubiri: mpaka mikia ilipopinda. Sababu ya kuchelewa: tulikuwa tunapigwa picha.

Mwana wako wa Karagwe,
Silasi